Wiki 12 na Mpango Binafsi wa Siha: Tathmini ya Mfanyakazi wa Zamu

Daftari lina kurasa 84, ukurasa mmoja kwa kila siku ya wiki 12, na nilipolifunga mwishoni mwa huduma nilihesabu kurasa 51 nilizozijaza kikamilifu, 19 nilizoziandika nusu na 14 zilizobaki tupu kabisa. Kurasa hizo 14 zimenieleza mengi kuhusu bidhaa hii kuliko zile 51, kwa maana karibu zote zinaangukia katika wiki nne za kwanza, na hazikubaki tupu kwa sababu ya uvivu wangu peke yake.

Nilichonunua ni huduma ya kumsaidia mtu kuandaa mpango wa siha unaolingana na maisha yake mwenyewe. Ina vitu vinne: dodoso refu la kuanzia, daftari la karatasi, programu ya simu inayoambatana na daftari hilo, na mazungumzo manne ya simu na mshauri, ya dakika 40 kila moja, katika wiki ya 1, ya 4, ya 8 na ya 12. Ada hulipwa mara moja mwanzoni. Waendeshaji wa huduma sitawataja kwa jina, kwa kuwa huduma za aina hii siku hizi ni nyingi na zimefanana kama shilingi kwa ya pili, na ninachotaka kukipima hapa ni jinsi zinavyoundwa, ili anayefikiria kununua yoyote kati yake ajue pa kutazama.

Nieleze pia nilivyofika hapo. Daktari alinipima akaniambia kwamba shinikizo langu la damu limeanza kupanda, ingawa bado halijafikia kiwango cha kuanzishiwa dawa, na kwamba yanipasa kubadili mtindo wa maisha. Maneno hayo manne aliyasema huku akiandika jambo jingine. Mtindo wa maisha yangu ni huu: ninafanya kazi ya zamu za mzunguko, siku mbili za asubuhi, mbili za alasiri, mbili za usiku na mbili za mapumziko, kisha naanza upya, ninaishi na mama yangu mzazi ambaye anahitaji kuhudumiwa, na kazini natumia zaidi ya saa moja kwenda na kurudi. Nilikuwa nimeshajaribu ratiba za mazoezi za watu wengine, nikaziacha zote, na tangazo la huduma hii lilinivuta kwa ahadi kwamba mpango ungeanzia kwangu badala ya mimi kuuendea.

Dodoso linastahili sifa, na nitakaa hapo kidogo, kwa sababu huduma nyingi hulipitia jambo hili haraka ili zifike kwenye malengo. Sehemu yake ya kwanza ni ya usalama. Inauliza kama umewahi kuambiwa una tatizo la moyo, kama unapata maumivu ya kifua ukiwa unajishughulisha au umekaa, kama unapata kizunguzungu, kama unatumia dawa, kama una mfupa au kiungo kinachoweza kuumizwa na mazoezi. Nilipotaja shinikizo la damu, hatua iliyofuata ilifungwa mpaka nithibitishe kwamba nimezungumza na daktari kuhusu mazoezi. Nilikereka wakati ule, kwani nilikuwa na ari ya mwanzo ambayo kila mtu anaijua, lakini nikitazama nyuma naona walifanya sawa. Mpango wa siha si tiba, na anayeuuza bila kuuliza maswali hayo asiaminiwe.

Sehemu ya pili ndiyo iliyonibadilisha mawazo. Kabla ya kuulizwa nataka nini, niliulizwa saa zangu zinakwenda wapi. Wiki ina saa 168, na dodoso linakutaka uandike kwa siku saba mfululizo kila saa ilivyotumika, si ilivyopaswa kutumika. Kuna mistari ya usingizi, kazi, safari, chakula, usafi wa nyumba, kuna mstari wa simu na televisheni ambao sitausemea mengi, na kuna mstari ulioandikwa «majukumu kwa wengine», ambao sikuwahi kuuona katika ratiba yoyote ya mazoezi. Hapo niliandika saa za mama: kumpeleka kliniki, kumwogesha, kuzungumza naye jioni asijione ameachwa. Kabla ya kuandika nilikuwa na hakika kwamba nina saa kumi za bure kwa wiki. Nilipomaliza kujumlisha, saa zisizokuwa na mwenyewe zilikuwa nne na nusu, nazo zimetawanyika vipande vya dakika ishirini hapa na arobaini pale. Ratiba zote nilizozishindwa miaka iliyopita zilidai saa sita au zaidi. Nilikuwa nikijilaumu kwa kukosa nidhamu, kumbe nilikuwa nikilipa deni kwa mfuko mtupu.

Ndani ya dodoso hilo hilo mna kipimo kifupi cha hali ya moyo, yaani jinsi mtu anavyojisikia nafsini, si afya ya moyo wa kifuani, kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1998, chenye sentensi tano kuhusu wiki mbili zilizopita: kama umekuwa mchangamfu, kama umejisikia mtulivu, kama umekuwa na nguvu, kama umeamka ukiwa umepumzika, kama siku zako zimejaa mambo yanayokuvutia. Kila sentensi hupewa alama kutoka 0 hadi 5, jumla huzidishwa kwa nne, na matokeo huwa kati ya 0 na 100. Alama zangu zilikuwa 44. Kwa kawaida mtu anayepata chini ya 50 hushauriwa achunguzwe zaidi, isije ikawa ana sonona. Programu ya simu ilinionyesha 44 hiyo ndani ya duara la rangi ya kupendeza, ikaniandikia «Safari inaanza!», basi. Mshauri ndiye aliyeligusa jambo hilo katika mazungumzo ya kwanza, taratibu na bila kunitisha, akaniuliza maswali kadhaa na kunitaka nimweleze daktari wangu. Nilifanya hivyo. Lakini najiuliza, aliyenunua kifurushi kidogo kisichokuwa na mshauri, naye akapata 20, nani anamwambia?

Baada ya sifa hizo, nije kwenye kurasa tupu.

Huduma nzima imejengwa juu ya wiki ya siku saba. Daftari lina Jumatatu hadi Jumapili, programu inapanga mazoezi kwa majina ya siku, na mpango wangu wa kwanza, uliotengenezwa na programu kutokana na majibu yangu, uliniwekea mazoezi Jumatatu, Jumatano na Ijumaa saa kumi na mbili jioni. Mzunguko wangu wa kazi ni wa siku nane. Katika wiki ya kwanza, Jumatatu ilikuwa zamu ya asubuhi, hivyo jioni nilikuwa nyumbani na nikafanya mazoezi kwa furaha. Jumatano saa hiyo hiyo nilikuwa kazini, kwa kuwa zamu ya alasiri huanza saa nane mchana na kumalizika saa nne usiku. Ijumaa nilikuwa nimelala ili niweze kukesha. Wiki ya pili Jumatatu ikawa mapumziko, Jumatano ikawa asubuhi, Ijumaa nikawa kazini tena. Kila wiki siku zilirudi nyuma hatua moja, na kwa hesabu rahisi, Jumatatu ya kwangu haiwezi kufanana na Jumatatu ya mwanzo mpaka zipite siku 56. Programu haikujua lolote kati ya hayo. Ilipaka rangi nyekundu kila siku niliyokosa na kunihesabia asilimia ya utiifu, ambayo mwisho wa wiki ya kwanza ilikuwa 33.

Mtu anaweza kusema kwamba ningebadilisha saa mwenyewe. Nilijaribu. Programu inaruhusu kuhamisha zoezi moja moja, lakini haina njia ya kuiambia kwamba wiki ya mtu huyu ni ya siku nane, na kila Jumapili usiku mpango hujirudia ulivyokuwa. Kuhamisha mazoezi kwa mkono kila wiki likawa jukumu jingine katika maisha ambayo dodoso lao lenyewe lilishathibitisha kwamba yana saa nne na nusu tu. Kufikia wiki ya tatu nilikuwa nimeacha kulifungua daftari.

Jambo hili si la ajabu wala si la watu wachache. Wauguzi, walinzi, madereva, waendesha mitambo, wafanyakazi wa viwanda na wa hoteli, wote hawa maisha yao hayaendi kwa majina ya siku. Isitoshe, wao ndio wanaohitaji mpango wa siha kuliko wengi. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliainisha kazi ya zamu za usiku mwaka 2007, na tena mwaka 2019, kuwa ni jambo ambalo huenda linasababisha saratani kwa binadamu, na uhusiano wa kazi hiyo na matatizo ya usingizi unafahamika hata kwa asiyesoma utafiti wowote. Dodoso lenye maswali zaidi ya mia moja, linalouliza hata kama napenda kufanya mazoezi peke yangu au na wenzangu, halina swali moja kuhusu kazi ya usiku. Nimelipitia mara mbili ili nisiwaonee.

Wokovu ulikuja katika mazungumzo ya wiki ya nne. Nilimwambia mshauri kwamba nafikiria kuacha na kuomba nirudishiwe ada. Akaniuliza, «Ndugu yangu, wewe siku unazitambua kwa majina gani?» Nikamjibu kwamba kwetu kazini hatusemi Jumatano, tunasema asubuhi ya kwanza, asubuhi ya pili, alasiri ya kwanza, na kuendelea. Akanyamaza kidogo, kisha akasema tuyafute majina ya siku katika daftari na kuandika hayo badala yake. Tulitumia dakika zote 40 kwa kazi hiyo, na ndizo dakika zilizonilipa ada yangu yote.

Nitaeleza hesabu yenyewe, kwa sababu inaweza kumfaa mwingine. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, au mazoezi mazito kwa dakika 75 hadi 150, na kuongeza mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Dakika 150 kwa siku saba ni kama dakika 171 kwa siku nane. Tulianza kwa kuondoa siku zisizowezekana: usiku wa kwanza na wa pili hazina zoezi lolote, na mapumziko ya kwanza, ambayo huanza nikitoka kazini alfajiri, ni ya kulala. Zikabaki siku tano. Asubuhi mbili tulizipa dakika 30 kila moja za kutembea haraka baada ya kazi. Alasiri mbili tulizipa dakika 30 kila moja kabla ya kwenda kazini, saa tatu asubuhi, mama akiwa ameshapata chai yake. Mapumziko ya pili yakapewa dakika 50. Jumla ni 170. Imepungua dakika moja, na mshauri alisema kwamba hiyo tuisamehe. Mazoezi ya misuli, ya dakika 15 tu, ya kusukuma ukuta, kuinuka kwenye kiti na kubeba ndoo ya maji, tuliyaunganisha na asubuhi ya pili na mapumziko ya pili.

Kilichosaidia pia ni kwamba mshauri alijua jambo ambalo programu haikulijua: mwongozo huo wa 2020 uliondoa sharti la zamani kwamba zoezi lihesabiwe tu likidumu angalau dakika kumi mfululizo. Vipande vyangu vya muda, nilivyokuwa nikividharau, vinahesabika. Kupanda ngazi kazini kunahesabika. Kwa mtu ambaye muda wake wa bure umekatikakatika, badiliko hilo dogo la mwongozo lina uzito kuliko kifaa chochote cha kuvaa mkononi.

Programu, kwa upande wake, ilinipangia hatua 10,000 kwa siku, na kila usiku wa zamu ilinikumbusha kwamba sijazifikisha. Idadi hiyo inatajwa kila mahali kana kwamba iliandikwa na madaktari, lakini ilienezwa na kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, ambacho jina lake lilimaanisha kipimo cha hatua elfu kumi. Ni namba nzuri kukumbuka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 na I-Min Lee wa Harvard pamoja na wenzake, uliowahusu wanawake wazee, ulikuta kwamba waliotembea takriban hatua 4,400 kwa siku walikuwa na vifo vichache kuliko waliotembea takriban 2,700, na kwamba nafuu iliendelea kuongezeka hadi kwenye hatua kama 7,500, kisha ikatulia. Mimi si mwanamke mzee, na utafiti mmoja haumalizi mjadala, lakini umetosha kunifanya nizime arifa hizo bila kusutwa na dhamiri.

Kosa jingine la aina hiyo limo ndani ya daftari lenyewe. Ukurasa wa 21 una mapambo na pongezi: umemaliza siku 21, mazoea yameshajengeka. Dai hilo la siku 21 limetokana na maandishi ya mwaka 1960 ya daktari wa upasuaji wa sura, Maxwell Maltz, aliyeona kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku kama 21 kuizoea sura mpya. Hakuwa akizungumzia kutembea wala kulala mapema. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga mazoea mapya, na katika makala yao iliyochapishwa rasmi mwaka 2010 wakaeleza kwamba muda wa kati ulikuwa siku 66, wengine wakihitaji 18 tu na wengine wakikadiriwa kuhitaji hadi 254. Hayo 254 ni makadirio kwa sababu utafiti wenyewe ulikwisha siku ya 84, ambayo, kwa sadfa ya kuchekesha, ndiyo idadi ya kurasa za daftari langu. Waandishi wa daftari walikuwa na kipimo sahihi mkononi bila kujua. Jambo lenye faraja zaidi katika utafiti huo ni kwamba kukosa siku moja hakukuharibu ujengaji wa mazoea, jambo ambalo rangi nyekundu ya programu inalikanusha kila jioni.

Siku ya 21 mimi nilikuwa na kurasa tisa tupu. Pongezi zile nilizisoma kama kejeli.

Mbinu ya mshauri iliyonifaa zaidi ni ya sentensi za «ikiwa». Badala ya kuandika «nitatembea zaidi», daftari baada ya wiki ya nne lilijaa sentensi kama hizi: ikiwa nimetoka zamu ya asubuhi, nitashuka kituo kimoja kabla ya nyumbani, ikiwa mvua inanyesha, nitapanda na kushuka ngazi kwa dakika kumi, ikiwa mama hajalala vizuri, nitaliacha zoezi la alasiri na kulihamishia mapumziko ya pili bila kulihesabu kuwa limekosekana. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer aliueleza utaratibu huu katika makala ya mwaka 1999, na wazo lake ni kwamba mtu akishaamua mapema lini, wapi na vipi, hali yenyewe humkumbusha, asihitaji kujishawishi upya kila mara. Sentensi ile ya mama ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Mpango wowote uliopita ungeliita jukumu hilo kikwazo. Huu umeliandika ndani yake.

Sehemu ya usingizi ilihitaji marekebisho kama hayo. Daftari linashauri kulala na kuamka saa ile ile kila siku, ushauri mzuri kwa asiyekesha. Lengo la saa saba au zaidi kwa mtu mzima tulilibakiza, lakini tukalihesabu kwa saa 24 nzima: saa tano baada ya zamu ya usiku, na nyingine mbili jioni kabla ya zamu inayofuata. Chumba nimekitia pazia zito. Kahawa siinywi tena baada ya saa sita usiku nikiwa zamu ya usiku, kwa kuwa nusu ya kafeini hubaki mwilini kwa takriban saa tano, zaidi au pungufu kulingana na mtu, na nikinywa saa kumi alfajiri nalala nayo kitandani. Vitu hivi vitatu vilinigharimu pazia tu, na vimenisaidia kuliko mazoezi yote. Nasema hivyo bila kusita.

Kuhusu chakula sina mengi. Kurasa zake zinarudia yanayojulikana, kwamba chumvi isizidi gramu tano kwa siku, kiasi cha kijiko kidogo kimoja, na mboga na matunda zifike angalau gramu 400, na hazionyeshi mtu afanyeje anapokula saa nane za usiku mahali ambapo hakuna kilichofunguliwa. Nilibeba chakula kutoka nyumbani. Wazo lilikuwa langu mwenyewe.

Kuna suala moja ambalo ningependa kila mnunuzi alitazame kabla ya kulipa. Dodoso linakusanya habari nyeti sana: magonjwa, dawa, hali ya moyo, usingizi, hata uhusiano wa nyumbani. Masharti ya programu, ambayo niliyasoma nikiwa zamu ya usiku na sidhani kama ningeyasoma mchana, yanaruhusu habari hizo kutumiwa na «washirika» kwa ajili ya «kuboresha huduma». Kuna kitufe cha kukataa, kimewekwa ndani ya kurasa tatu za mipangilio, na huja kikiwa kimeruhusu. Nimekizima, nikaandika kuomba nakala ya habari zangu, nikaipata baada ya siku tisa. Nawashukuru kwa kujibu, ila ruhusa ya namna hiyo ilipaswa kuombwa waziwazi mwanzoni, kabla ya swali la kwanza kuhusu kifua changu.

Matokeo? Katika mizunguko sita iliyofuata mazungumzo ya wiki ya nne, nilifikia dakika 170 mara nne. Katika mmoja wa miwili niliyoshindwa mama alikuwa mgonjwa, na katika mwingine sina sababu ya kueleweka. Kipimo cha hali ya moyo kimepanda kutoka 44 hadi 64, ingawa katika muda huo huo nilizungumza na daktari, nikaanza kulala vizuri, na mwenzangu mmoja aliyekuwa akinitesa kazini akahamishwa, kwa hiyo sitaipa huduma sifa yote. Uzito sikuupima, kwani mshauri aliniuliza kama kuupima kungenisaidia au kunikatisha tamaa, nikajibu kwa ukweli. Shinikizo la damu atalipima daktari mwezi ujao, na tarakimu hiyo hainihusu mimi kuitangaza kabla yake.

Nikiulizwa kama naipendekeza huduma hii, jibu langu linategemea anayeuliza. Mwenye wiki ya kawaida, anayetoka kazini saa zile zile na kujua Jumatano yake itafanana na Jumatano ijayo, ataifurahia karibu yote, na anaweza kununua kifurushi kidogo, mradi alama zake za hali ya moyo azisome yeye mwenyewe na asingoje duara la rangi limwambie. Mfanyakazi wa zamu asinunue bila mshauri, na katika mazungumzo ya kwanza kabisa aanze kwa kueleza mzunguko wake. Mimi niliyachezea mazungumzo yale kwa kuzungumzia uzito. Mwenye mgonjwa wa kumwuguza nyumbani atafaidika na dodoso hata kama hatafanya zoezi moja, kwa sababu litamwonyesha kwa tarakimu kile ambacho ndugu zake wanakiona kama kukaa nyumbani tu. Programu ya simu naipa alama mbili kwa kumi, daftari tano, dodoso nane, mshauri tisa. Moja nimeipunguza kwa kuwa anapatikana mara nne tu, na kati ya wiki ya nne na ya nane kuna kipindi ambacho ningelipa zaidi kusikia sauti yake kwa dakika tano.

Niliwaandikia kuomba kurasa zisizokuwa na majina ya siku. Walijibu kwa adabu kwamba maoni yangu yamepokelewa. Kwa sasa nimelipigia mistari daftari la kawaida, safu nane kila ukurasa, na kwa kuwa siku 84 ni mizunguko kumi na nusu, safu ya kwanza niliyoijaza haikuwa asubuhi ya kwanza bali usiku wa kwanza, ambao katika mpango wetu hauna zoezi, una maneno mawili tu niliyoyaandika kwa kalamu nyekundu: lala kwanza.